Nyenzo Huria za Mtandaoni na Ufundishaji katika Kisiwa cha Mafia: Suala la Lugha na Umilikaji wa Maarifa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza nafasi ya nyenzo za elimu zinazopatikana bila malipo katika mtandao wa intaneti kwa walimu na wanafunzi wa Kisiwa cha Mafia. Kisiwa hiki, pamoja na visiwa vidogo vya Chole, Juani, Jibondo na vinginevyo, kinaunda Wilaya ya Mafia katika Mkoa wa Pwani, mkabala na delta ya mto Rufiji. Mjadala wa nyenzo hizi aghalabu huishia katika suala la vifaa: idadi ya kompyuta zilizopo, kasi ya mtandao na bei ya vifurushi. Hayo ni masuala ya msingi, na yatagusiwa hapa. Hata hivyo, hoja kuu ya makala haya ni kwamba vifaa peke yake havitoshelezi. Nyenzo huwa na manufaa kamili pale tu zinapotimiza masharti matatu: ziweze kuchukuliwa na kutumiwa nje ya mtandao, ziwe katika lugha anayoimudu mwanafunzi, na zimruhusu mtumiaji kuzisahihisha na kuziongezea. Mafia ni mahali panapofaa kwa uchunguzi huu kwa sababu ni kisiwa kilichoandikwa sana, lakini wenyeji wake hawajapata fursa kubwa ya kuyasoma yaliyoandikwa.

2.0 Dhana ya Nyenzo Huria

Hapana budi kwanza kutofautisha kati ya nyenzo za bure na nyenzo huria. Nyenzo ya bure ni ile ambayo msomaji halipii chochote kuisoma. Nyenzo huria huenda hatua moja mbele: mwenye hakimiliki anamruhusu mtumiaji kuinakili, kuigawa, kuitafsiri na kuibadilisha ilingane na mahitaji yake, aghalabu kwa leseni kama zile za Creative Commons. Dhana ya nyenzo huria za elimu ilipata jina lake katika mkutano ulioitishwa na UNESCO mjini Paris mwaka 2002, na baada ya hapo ikaenea. Mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa shirika hilo ulipitisha pendekezo linalozihimiza nchi wanachama kuziendeleza.

Tofauti hii si ya kisheria tu. Kitabu cha kiada kinachosomeka bure katika kioo cha simu humsaidia mwalimu kuandaa somo, lakini hakimruhusu kukibadilisha. Hadithi yenye leseni huria, kwa upande mwingine, inaweza kuchapishwa, kubandikwa ukutani, kubadilishwa mandhari yake kutoka mjini hadi pwani, na kurudishwa mtandaoni ikiwa hadithi mpya. Katika hali ya kwanza mwalimu ni mpokeaji. Katika hali ya pili ni mshiriki.

3.0 Mafia katika Maandishi ya Wengine

Mafia imeandikwa kwa muda mrefu. Mwaka 1896 Oscar Baumann alichapisha mjini Leipzig taarifa kuhusu kisiwa hiki kwa Kijerumani, miaka michache baada ya kisiwa kuingia katika himaya ya Wajerumani. Mwaka 1961 Neville Chittick alichapisha kwa Kiingereza ripoti ya uchimbaji wa magofu ya Kisimani Mafia. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyefika kisiwani kwa mara ya kwanza mwaka 1965, alitoa kitabu chake kuhusu ukoo na umiliki wa ardhi mwaka 1975. Mwaka 2015 watafiti wa bahari walichapisha katika jarida la Biology Letters matokeo yaliyoonyesha kwamba papa potwe huendelea kuwapo karibu na Mafia hata katika miezi ambayo hawaonekani kwa urahisi. Kazi zote hizi zinahusu watu, ardhi na maji ya Mafia, na hakuna hata moja iliyoandikwa kwa lugha ya watu hao.

Mfano ulio wazi zaidi ni kitabu cha pili cha Caplan kinachohusika hapa, African Voices, African Lives, kilichotoka mwaka 1997. Sehemu muhimu ya kitabu hicho ni shajara iliyoandikwa na mwanakijiji mmoja wa kaskazini ya Mafia. Shajara hiyo iliandikwa kwa Kiswahili. Ili imfikie msomaji wa kitabu, ilifasiriwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo maneno yaliyotoka kinywani na mkononi mwa Mmafia yakawa, kwa mjukuu wake aliye darasani, maandishi ya lugha ya kigeni katika kitabu kilicho ghali na kisichopatikana madukani Kilindoni. Hili si kosa la mtafiti mmoja. Ndivyo mfumo mzima wa uchapishaji wa kitaaluma ulivyojengwa.

Ni katika muktadha huu ndipo umuhimu wa tovuti kuhusu Kisiwa cha Mafia, iliyotayarishwa na Caplan kupitia Chuo cha Goldsmiths cha Chuo Kikuu cha London, unapodhihirika. Tovuti hiyo iliandaliwa kwa lugha mbili, Kiingereza na Kiswahili, na kumwekea msomaji habari za historia, utamaduni na maisha ya kisiwa bila malipo. Kwa mwalimu wa Historia au wa Uraia, hiyo ni nyenzo ya aina ambayo vitabu vya kiada vya taifa haviwezi kuitoa, kwani vitabu hivyo huandikwa kwa ajili ya nchi nzima. Kwa taaluma, ni kielelezo kwamba maarifa yaliyochukuliwa kwa wenyeji yanaweza kurejeshwa kwao katika lugha yao.

4.0 Nyenzo Zilizopo kwa Kiswahili

Mbali na tovuti inayohusu Mafia moja kwa moja, zipo nyenzo za jumla ambazo mwalimu wa kisiwani anaweza kuzitumia. Makala haya yanazigawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la nyenzo za mtaala. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni, ambamo husomwa bila malipo. Shule Direct, iliyoanzishwa mwaka 2013, hutoa maelezo ya masomo ya sekondari, na vipindi vya katuni vya Ubongo Kids, vilivyoanza mwaka 2014, hufundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili.

Kundi la pili ni la marejeo. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina makala kuhusu Mafia na visiwa vyake, na leseni yake inaruhusu kunakili na kuhariri. Mradi wa Kamusi ulianzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, ukawa miongoni mwa kamusi za mwanzo za lugha ya Kiafrika kuwekwa mtandaoni; baadaye ulitoka chuoni hapo na kuendelea kama asasi inayojitegemea. Kwa wanafunzi wa uzamili ipo Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, iliyotokana na kazi ya Arvi Hurskainen, ambayo toleo lake la pili lina takriban maneno milioni 25.

Kundi la tatu ni la nyenzo za kutungia. Mfano wake ni African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ambao tovuti yake ilifunguliwa mwaka 2014. Humo mwalimu husoma hadithi za watoto katika Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, na pia huweza kutunga, kutafsiri na kuchapisha yake.

Ikilinganishwa kwa wingi wa matumizi, makundi mawili ya kwanza ndiyo hutajwa zaidi. Ikilinganishwa kwa masharti yaliyotajwa katika utangulizi, Wikipedia na African Storybook ndizo zinazomkaribia zaidi mwalimu wa Mafia, kwa kuwa zinampokea kama mtungaji.

5.0 Gharama ya Kilicho Bure

Kile kisicholipiwa mtandaoni hulipiwa kwingineko. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, gharama za mawasiliano ya nje ya nchi zilianza kushuka, lakini umbali kutoka mkongo hadi darasani ulibaki. Kwa mwalimu aliye Kilindoni kuna mnara wa simu; kwa aliye katika kisiwa kidogo, mawasiliano hutegemea mahali aliposimama. Umeme wa kisiwa kwa miaka mingi ulitokana na majenereta ya dizeli, si Gridi ya Taifa. Aidha, anayenunua kifurushi ni mwalimu mwenyewe, kutoka katika mshahara wake. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 vilielekezwa baadaye kwa walimu wa shule za umma. Hatua hiyo iliwapa wengi kifaa, lakini kifaa bila kifurushi hakifungui tovuti.

Kwa sababu hiyo, sifa ya kwanza ya nyenzo inayofaa Mafia ni uwezo wa kuhama. Programu ya Kiwix humwezesha mtu kupakua Wikipedia nzima ya Kiswahili mara moja na kuisoma wakati wowote bila intaneti. Kolibri hufanya vivyo hivyo kwa masomo na mazoezi: kompyuta moja hugeuzwa kuwa seva ndogo, na wanafunzi huunganika nayo kwa vifaa vyao ndani ya darasa. Mwalimu mmoja akipakua nyenzo mjini, anaweza kuzivusha kwa boti kutoka Nyamisati zikiwa katika flashi na kuzigawa shule kwa shule. Jambo hili linawezekana kisheria pale tu leseni inaporuhusu kunakili. Hapa ndipo tofauti kati ya bure na huria inapogeuka kuwa tofauti kati ya kupata na kukosa.

6.0 Lugha, Istilahi na Ujuzi wa Mwanafunzi

Hata nyenzo ikishafika, suala la lugha hubaki. Elimu ya msingi katika shule za umma hutolewa kwa Kiswahili, na ya sekondari kwa Kiingereza. Nyenzo nyingi za sayansi zilizo bure mtandaoni ni za Kiingereza, na hivyo huonekana kuifaa sekondari. Mfano mmoja unatosha kuonyesha udhaifu wa dhana hiyo.

Mtoto aliyelelewa Jibondo au Chole anajua bamvua na maji mafu kabla hajajua kusoma. Anajua kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwamba wakati huo maji hujaa sana na kupwa sana, na kwamba siku za maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Ujuzi huo huamua siku ya kwenda mwambani kuokota na saa ya kupitisha chombo mlangoni. Mtoto huyo huyo akifika sekondari hukutana na jambo hilo katika Jiografia kwa jina la Kiingereza, likiambatana na mchoro wa jua, dunia na mwezi. Asipoonyeshwa kwamba ni bamvua ile ile, atalikariri kama jambo geni. Akionyeshwa, mchoro utampa sababu ya kile alichokwisha kukijua, na atauelewa haraka kuliko mwanafunzi wa bara.

Daraja hilo haliwezi kujengwa na mwandaaji aliye mbali. Kamusi sanifu hulisajili neno bamvua, lakini kamusi haifundishi Jiografia. Kopasi ya Helsinki, pamoja na ukubwa wake, imetokana zaidi na magazeti, vitabu na kumbukumbu za Bunge. Msamiati wa wavuvi, maseremala wa majahazi na wasuka makuti haujitokezi humo kwa kadiri ya uzito wake katika maisha ya pwani. Lahaja ya Mafia yenyewe, ambayo wataalamu huiita Kingome, ni miongoni mwa zile zilizochunguzwa kidogo. Programu za kisasa za kutafsiri na za kutambua usemi hujifunza kutokana na data iliyopo. Kwa hiyo upungufu wa leo katika maandishi utakuwa upungufu wa kesho katika mitambo: chombo kitakachomwelewa mkazi wa mjini kitashindwa kumwelewa mvuvi wa Jibondo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba wingi wa nyenzo za bure mtandaoni si kipimo cha manufaa yake. Kwa Mafia, nyenzo iliyo bora ni ile inayovuka bahari bila kutegemea mnara, inayozungumza Kiswahili, na inayomwachia mwalimu nafasi ya kuandika. Masharti mawili ya kwanza yanaweza kutimizwa kwa programu na leseni zilizopo. Sharti la tatu linahitaji kazi ya watu, na hapa idara za Kiswahili za vyuo vikuu zina wajibu usioweza kukabidhiwa wengine.

Wajibu huo una pande mbili. Kwanza, mtafiti anayekusanya data kisiwani aone kuwa muhtasari wa Kiswahili wenye leseni huria ni sehemu ya utafiti wenyewe, si hisani ya baadaye. Tovuti ya Goldsmiths imethibitisha kwamba jambo hilo linawezekana. Pili, wanafunzi wa uzamili washirikiane na walimu wa Mafia kukusanya istilahi za upepo, maji, vyombo na mitego, na kuziweka katika marejeo ambayo kila mtu anaweza kuyasoma na kuyahariri. Kazi kama hiyo haihitaji mitambo mikubwa, ila inahitaji kufanywa wakati wajuzi wa maneno hayo bado wapo. Shajara ya mwaka ule wa sitini na kitu iliandikwa kwa Kiswahili, na wasomaji wake wa kwanza walistahili kuwa Wamafia. Njia ya kuwafikishia maandishi ya namna hiyo sasa ipo.