Muamala Umesoma

Jioni moja nilikuwa nimeegemea kibanda cha wakala wa fedha, katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam ambao mchana huuza samaki na usiku huuza chipsi, nikingoja zamu yangu nyuma ya bibi mmoja aliyejitanda khanga, ndipo simu yake ikalia mlio mfupi. Ilikuwa simu ya vibonye, ile ambayo vijana huiita kitochi kwa sababu ya taa yake ya kichwani. Naye bibi, kwa kuwa macho yake hayamtii tena, akampa kijana wa dirishani amsomee. Kijana akaitupia jicho mara moja tu, akasema, "Bibi, muamala umesoma."

Maneno mawili hayo niliondoka nayo, na kila nilipoyageuza niliona yametoka safari mbili ndefu zisizofanana.

Muamala si neno la juzi. Waliokaa juu ya jamvi la chuoni wakadurusu fikihi walikutana nalo mapema, maana wanazuoni hutenga ibada, zilizo baina ya mja na Mola wake, na muamalati, yaliyo baina ya mja na mja mwenziwe: kuuza na kununua, kukopa na kukopesha, kupangisha, kuweka rehani, kushirikiana. Mtu akisifiwa kuwa ana muamala mwema, hakukusudiwa kwamba ana fedha, na yumkini hakuwa na senti. Ilikusudiwa kwamba akikaa na watu hukaa vizuri, akiahidi hutimiza, na wanaomdai hawamsaki njiani. Kisha mabenki yakalichukua neno hilo yakalifanya istilahi ya daftari, likakaa kwenye kaunta kwa adabu, hata zilipokuja huduma za kutumiana fedha kwa simu, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, likateremka sokoni likawa la kila mtu. Huko sarufi yetu ikalipa uraia: Mwarabu husema muamala mmoja na muamalati mengi, bali sisi tuliidhania ile mu- ya mwanzo kuwa kiambishi chetu, tukapata muamala na miamala, kama mti na miti.

Nasaba ya neno la pili ni ya mezani kwa fundi. Kusoma ni kazi ya mwenye macho na akili. Walakini mafundi wa umeme tangu zamani husema mita inasoma, na fundi wa simu, akiwa ameinamia bisibisi zake na mswaki mkuukuu wa kufutia vumbi, huitoa laini, akaipangusa kwa pindo la shati, akairudisha, akatangaza kwamba sasa inasoma, au kwamba haisomi kabisa, ukanunue nyingine. Kusoma huku ni chombo kukitambua kitu na kukionyesha. Kwa hiyo fedha ikidhihiri katika simu imesoma, na mshahara nao husoma, mwisho wa mwezi ukiwa na bahati.

Hata simu yenyewe imebeba jina lisilofanana nayo tena. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya. Tena waya ndio uliofika Unguja mwaka 1879, ukilazwa chini ya bahari kutoka Aden, na kwa muda mrefu mtu akisema amepata simu aliweza kuwa amepata karatasi yenye maneno machache, aghalabu ya msiba. Leo waya umeondoka mkononi mwetu na jina limebaki.

Na kubipu je? Ni kumpigia mtu na kukata kabla hajapokea, ili mwenye salio ndiye apige. Mitaani maana imepanda daraja: kumbipu mtu ni kumchokoza kidogo kumpima, naye mwenye hasira hujibu, "Ukinibipu nitakupigia," na hapo hazungumzii simu hata kidogo.

Isidhaniwe kwamba wataalamu walilala. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967, na istilahi lilizozitoa ni nyingi. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu, alituachia runinga, ambayo aliiunda kwa rununu, yaani habari isikikayo kwa mbali, na maninga, ambayo ni macho katika lugha ya washairi. Mimi naliona ni tunda zuri kuliko yote ya aina yake. Na magazeti ya Tanzania yanapoandika luninga, ulimi ukiwa umekwisha kulipinda, hiyo ni dalili kwamba neno li hai. Ngamizi na tarakilishi hayakujaliwa hivyo. Tarakilishi, lenye tarakimu na akili tumboni mwake, bado husikika Kenya, lakini kompyuta iliwahi kufika na jina lake, na mnunuzi hakuwa na haja ya la pili.

Kikokotoo ndicho kinachonishangaza zaidi. Kilikuwa kijimashine cha mwanafunzi cha kukokotolea hesabu, kisicho na ubaya na mtu, mpaka mwaka 2018 Tanzania ilipobadili kanuni ya mafao ya wastaafu na kanuni hiyo ikaitwa kwa jina hilo. Malalamiko yakazidi hata Rais Magufuli, mwezi wa Desemba mwaka huo huo, akaagiza kanuni za zamani ziendelee kwa muda. Tangu hapo mtumishi mwenye mvi akilitamka neno hilo, hulitamka kama jina la mtu aliyemdhulumu.

Turudi dirishani. Bibi alikuwa amekwisha kuifunga simu yake katika pindo la khanga, kisha akaifungua tena, akauliza, "Na ya kutolea ameweka?" Hiyo ya kutolea ni ada inayokatwa mtu anapochukua fedha taslimu, na mtumaji mwungwana huiongeza juu ili mpokeaji asipungukiwe.

Kijana akatazama. "Hakuweka, bibi."

"Basi mwanangu huyu," akasema bibi, "hana muamala."

Kijana akacheka, akazihesabu noti, akampa pungufu.