Mafunzo ya Ukulima katika Shule za Sekondari na Kazi Zinazofuata

Mzazi ambaye mtoto wake anakaribia kuchagua masomo ya sekondari ana jambo moja la kufikiri sana. Katika orodha ya masomo ataona somo la ukulima. Wazazi wengi wakiliona hulipita upesi na kusema, "Sikumlipia mtoto karo ili arudi kushika jembe." Maneno hayo yana asili yake, na yafaa asili hiyo ielezwe kwanza, ili mzazi apate kuamua kwa haki.

KWA NINI SOMO HILI LILISHUKIWA

Wakati wa utawala wa Waingereza watu wengi waliona kwamba Waafrika walifundishwa ukulima ili wasipate elimu ya kalamu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika ya Mashariki, ikashauri kwamba shule za Waafrika zifundishe ukulima na kazi za mikono. Lakini wakati huo huo Mwafrika wa Kenya alizuiwa kupanda kahawa, zao lililoleta fedha nyingi. Ruhusa ilianza kutolewa mahali pachache katika miaka ya 1930, na mlango haukufunguliwa wazi mpaka ulipokuja Mpango wa Swynnerton wa 1954. Mtu aliyefundishwa kulima, kisha akakatazwa zao lenye faida, angeyapendaje mafunzo hayo? Tena katika shule nyingi mwanafunzi aliyekosa alipewa jembe akalime kuwa ni adhabu. Hivyo jembe likawa alama ya aibu.

Mambo yalianza kugeuka mapema katika miaka ya 1960. Shule ya sekondari ya Chavakali, magharibi ya Kenya, ikisaidiwa na Wamarekani, ilikuwa miongoni mwa shule za kwanza kufundisha ukulima kuwa somo kamili la mtihani, lenye sayansi na hesabu zake. Baadaye somo hilo lilienea katika shule nyingi. Katika mpango wa 8-4-4, ulioanza 1985, liliwekwa miongoni mwa masomo ya mtihani wa cheti cha sekondari. Mpango huo sasa unaondoka darasa baada ya darasa. Katika mpango unaoufuata, mwanafunzi wa sekondari ya juu huchagua moja katika njia 3 za masomo, na ukulima umewekwa katika njia ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Kwa hiyo somo hili limeketi pamoja na kemia na fizikia.

MAMBO YANAYOFUNDISHWA

Mwanafunzi hujifunza tabia za udongo, mimea na magonjwa yake, ulishaji na afya ya mifugo, zana na majengo ya shamba, maji, na hesabu za biashara ya ukulima. Wanaofanya mtihani wa 8-4-4 hufanya pia kazi ya vitendo: hutunza mimea au mifugo kwa muda uliowekwa, na kuandika kila walilolifanya.

Mfano mmoja utaonyesha faida ya mafunzo haya. Mkulima huona mahindi yake yamedumaa, naye huongeza mbolea ya DAP kila mwaka. Mavuno hayapandi. Mwanafunzi aliyesoma vizuri atashauri udongo upimwe kwanza, kwa maana udongo wenye asidi nyingi huifunga fosforasi, na mmea haupati chakula hicho hata kikiwapo. Tena mbolea ya aina hiyo ikitumiwa miaka mingi huweza kuizidisha asidi. Ikiwa asidi ndiyo shida, dawa yake ni chokaa ya shamba, kwa kipimo kinachotokana na majibu ya maabara.

Mfano wa pili ni wa hesabu. Chukua ng'ombe wawili. Wa kwanza hutoa lita 10 za maziwa kwa siku, lakini gharama yake ya chakula na dawa ni sawa na bei ya lita 7. Wa pili hutoa lita 6, na gharama yake ni sawa na bei ya lita 2. Anayetazama ndoo atamsifu wa kwanza. Anayetazama daftari atajua kwamba wa kwanza humwachia bei ya lita 3, na wa pili bei ya lita 4. Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari."

KAZI ZINAZOFUATA

Kazi ya kwanza ambayo watu huikumbuka ni ya Bwana Shamba au Bibi Shamba, yule anayewatembelea wakulima na kuwashauri. Tangu 2013 kazi hiyo imo mikononi mwa serikali za kaunti. Lakini hiyo ni moja tu kati ya nyingi.

Ya pili ni afya ya mifugo. Anayetaka kuwa daktari wa mifugo husoma chuo kikuu kwa miaka 5. Wako pia wasaidizi wa afya ya mifugo, ambao husomea cheti au diploma. Wote hapana budi waandikishwe kwa mujibu wa sheria ya 2011 kabla ya kuruhusiwa kutibu.

Ya tatu ni utafiti. Ugonjwa wa chule buni, unaoozesha kahawa ingali mbichi mtini, ulionekana Kenya mwaka 1922. Kwa miaka mingi mkulima alinunua dawa za kunyunyiza, na mwenye fedha chache alipoteza mavuno. Wataalamu wa Ruiru walichanganya mbegu mpaka wakapata kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima 1985, nayo hustahimili ugonjwa huo pamoja na kutu ya majani. Mwaka 2010 ikatolewa nyingine iitwayo Batian. Kazi ya namna hiyo huwafaa wakulima wengi ambao mtaalamu mwenyewe hatawaona kamwe.

Ya nne ni ukaguzi. Shirika la KEPHIS, lililoanzishwa 1996, hukagua mbegu kabla hazijauzwa, na pia maua, mboga na matunda yanayopelekwa nchi za nje. Mzigo mmoja wenye wadudu waliokatazwa huweza kurudishwa au kuteketezwa, na hasara humrudia mkulima.

Ya tano ni viwanda. Majani ya chai yakishachumwa hayangoji, na maziwa huharibika upesi. Kwa hiyo viwanda huhitaji watu wanaojua kupima ubora, kuhifadhi na kusindika. Chuo cha mambo ya maziwa kiko Naivasha. Zaidi ya hizo kuna kazi za uhandisi wa maji ya kunyunyizia mashamba, kazi za mabenki na vyama vya ushirika vinavyokopesha wakulima, biashara ya mbegu na dawa, na ualimu wa somo lenyewe.

Nao vijana wengine watarudi shambani kwao. Huyo asihesabiwe kuwa ameshindwa, ikiwa amerudi na ujuzi wa kupima udongo, kuchagua mbegu na kutunza hesabu.

VYUO VINAVYOPOKEA WANAFUNZI

Chuo cha Egerton, Njoro, kilianzishwa 1939 na Lord Maurice Egerton kwa ajili ya kuwafundisha ukulima vijana wa Kizungu. Baadaye kilifunguliwa kwa watu wa rangi zote, na mwaka 1987 kikawa Chuo Kikuu. Chuo cha kilimo cha Embu, kilichoanza 1947, ndicho chanzo cha Chuo Kikuu cha Embu cha leo. Bukura, karibu na Kakamega, palianza kufundishwa ukulima katika miaka ya 1920, na chuo chake kingali kinafundisha. Wako pia Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja.

MAMBO YA KUANGALIA KABLA YA KUCHAGUA

Kwanza, somo la ukulima peke yake halitoshi. Anayetaka shahada ya ukulima au ya udaktari wa mifugo hutazamwa pia alama zake za biolojia, kemia na hisabati. Mtoto asilichague kwa kudhani ni somo jepesi, akaziacha sayansi nyingine. Atafika mlangoni pa chuo na kuukuta umefungwa.

Pili, kazi ya Serikali haimngoji kila aliyehitimu. Zamani vijana wengi waliotoka vyuoni waliajiriwa moja kwa moja na Wizara ya Kilimo. Tangu miaka ya 1990 nafasi hizo zimepungua sana. Kijana ajiandae kwa kampuni, ushirika, au kazi yake mwenyewe.

Tatu, mzazi aitembelee shule na kuuliza: Je, kuna mwalimu wa somo hili? Kuna shamba, maabara na maji? Wanafunzi hufanya kazi kwa mikono yao na kuiandika, au hunakili maneno ubaoni tu? Shule ambayo ingali inatumia jembe kuwa adhabu haiwezi kuwafundisha watoto kulipenda.

Nne, wasichana wasiachwe nyuma. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayelima na kukamua, lakini anayepelekwa kusomea kazi hiyo ni kaka. Ikiwa binti ana akili ya sayansi, naye afunguliwe njia hiyo hiyo.

Mzazi akishapata majibu hayo, na aketi pamoja na mtoto wake, wazitazame alama zake za sayansi, wamwulize mwalimu wa somo, kisha waamue. Orodha ya masomo ikirudishwa shuleni imetiwa sahihi, kubadili huwa vigumu. Kwa hiyo maswali yaulizwe kabla ya siku hiyo.