Mandhari Inapotoa Amri

Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne mandhari ya riwaya aliyoisoma, naye atakuhesabia: kuna mbuga kavu, kuna mji, kuna kisima, na wakati ni wa ukame. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haijengi insha. Msomaji wa uhakiki anataka kuelezwa mahali hapo na wakati huo vinamlazimisha nani kutenda nini. Kuna jaribio jepesi la kukusaidia. Ing'oe hadithi kutoka ilipo, uihamishie kwingine kichwani mwako, kisha utazame kinachovunjika. Ukiitoa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) kisiwani Ukerewe, umbali kati ya nyumba ya baba mkali na maisha ya ugenini unapungua, na anguko la Rosa linakosa sababu. Ukimzuia Kongowea wa Siku Njema ya Ken Walibora (1996) asiondoke Tanga kumtafuta baba yake, hakuna riwaya. Kisipovunjika kitu, mandhari ni pambo tu, na ni heri uchague mada nyingine.

Katika sura hii tutapanga insha moja tangu mwanzo hadi mwisho, na riwaya tutakayoitumia ni The Camel Bookmobile ya Mwamerika Masha Hamilton, iliyochapishwa mwaka 2007. Imeandikwa kwa Kiingereza, lakini sehemu kubwa ya hadithi yake inatokea Kaskazini Mashariki mwa Kenya, na chimbuko lake ni jambo la kweli. Mwezi Oktoba 1996, Shirika la Maktaba la Kitaifa nchini Kenya lilianzisha huduma ya maktaba ya ngamia mjini Garissa, likianza na ngamia watatu. Magari yalikuwa yakikwama kwenye mchanga na barabara zisizopitika, na wafugaji hawakai mahali pamoja wakisubiri jengo. Hivyo vitabu vikapakiwa kwenye masanduku, ngamia mmoja akabeba vitabu, mwingine hema la kusomea.

Hamilton aliichukua huduma hiyo akaitungia hadithi. Fiona Sweeney, mkutubi kutoka Brooklyn, anakuja Garissa kufanya kazi na msafara wa vitabu, chini ya jicho la Bwana Abasi, mkutubi wa mjini asiye na imani kubwa na mpango wenyewe. Mojawapo ya vituo ni Mididima, kijiji cha kubuni cha wafugaji wanaosumbuliwa na ukame. Mwalimu Matani anaupokea msafara kwa furaha, Kanika anaona kwenye vitabu njia ya kutokea, na baadhi ya wazee wanaona hatari. Kuna kanuni moja: mtu mmoja asiporudisha kitabu, msafara hautakuja tena kijijini. Taban, kijana aliyejeruhiwa usoni na fisi akiwa mtoto mdogo, harudishi. Mgogoro wote unatoka hapo.

Swali la insha na liwe hili: Jadili jinsi mandhari inavyojenga mgogoro katika riwaya hii. Wengi watakimbilia kugawa insha kwa mahali, aya ya Brooklyn, aya ya Garissa, aya ya Mididima. Mpangilio huo unavutia kwa sababu ni rahisi, na ndio unaoziua insha nyingi. Ukigawa kwa mahali, kila aya itaanza kwa maelezo ya mahali na kuishia kwa maelezo ya mahali, na lile neno "inavyojenga" lililomo kwenye swali halitapata jibu. Kabla ya kupanga chochote unahitaji dai, yaani sentensi moja ambayo mtu mwingine aliyesoma riwaya hiyohiyo anaweza kuipinga. "Mandhari ya riwaya hii ni kame" haipingiki. Jaribu hili badala yake: mgogoro wa Mididima hautokani na ujinga wa kusoma, unatokana na kanuni iliyotungwa kwa watu wanaokaa mahali pamoja ikapelekwa kwa watu wanaohama. Hapo umesema kitu. Mwenzako anaweza kukujibu kwamba kisa ni tabia ya Taban, au woga wa wazee, nawe una kazi ya kumshawishi kwa ushahidi.

Dai likishapatikana, rudi kwenye kitabu ukiwa na daftari. Usinakili kila jua na kila vumbi. Nakili pale mahali au wakati unapobadilisha uamuzi wa mtu, na andika pembeni ni uamuzi wa nani. Fisi aliyemjeruhi Taban ni kielelezo kizuri. Msomaji wa haraka atakiweka chini ya "hatari za nyika" aendelee. Lakini jeraha lile limempa kijana huyo nafasi yake katika jamii: wenzake wanamtaja kwa kovu lake, naye anajitenga. Nyika imeandikwa usoni mwake kabla vitabu havijafika, na mtu huyohuyo ndiye anayevishikilia vitabu. Noti moja ya namna hiyo ina uzito kuliko sentensi kumi za kusifu machweo. Uliza pia majira. Mfugaji wa Garissa hasemi "kiangazi" akaishia hapo. Kwake jilaal, miezi mikavu ya mwanzo wa mwaka kabla ya mvua za gu, si sawa na hagaa inayofuata mvua hizo. Kaa na tukio ujiulize maji yako umbali gani siku hiyo na nani ameyafuata. Wahusika wanaojadili vitabu huku mifugo ikidhoofika hawajadili vitabu peke yake.

Sasa tufike kwenye mandhari ambayo wanafunzi huisahau zaidi, nayo ni historia. Itazame tena ile kanuni: kosa la mmoja, adhabu ya wote. Kwa msomaji wa Brooklyn hilo ni sharti kali kidogo la maktaba. Kwa msomaji wa Garissa linagusa jambo zito. Chini ya ukoloni, eneo hili lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na sheria ya mwaka 1934 ya utawala wa wilaya maalumu iliwapa wakuu wa serikali uwezo wa kukamata watu na kutwaa mali ya jamii nzima iliyohesabiwa kuwa adui. Uhuru haukuiondoa fikra hiyo. Vita vya Shifta vilipiganwa kuanzia 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari ziliendelea kulibana eneo hadi 1991. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, mtaa wa Bulla Kartasi uliteketezwa na wakazi wasio na hatia wakaadhibiwa. Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, na wengi wakauawa. Watu wa huku wanajua maana ya jamii nzima kulipishwa kitendo cha mtu mmoja.

Je, yote haya yaingie kwenye insha? Hapa pana haja ya kujizuia. Historia inaruhusiwa kuingia pale tu riwaya yenyewe inapofungua mlango, na mlango katika kitabu hiki ni ile kanuni. Ukianza insha kwa kurasa mbili za Shifta na Wagalla umeandika somo la historia. Lakini ukionyesha kwanza jinsi kanuni inavyofanya kazi Mididima, jinsi wazee wanavyoanza kumtazama kijana mmoja kama deni la kijiji, kisha ukataja kwamba adhabu ya pamoja ilikuwa sheria katika nchi hii kwa miongo mingi, umempa msomaji sababu ya kuona uzito ambao pengine hata mwandishi hakuukusudia. Mhakiki ana haki hiyo. Asichoruhusiwa ni kudai kwamba mwandishi alisema jambo ambalo halimo kitabuni.

Mpangilio sasa unajitokeza wenyewe, kwa sababu tunaifuata kanuni na si ramani. Anza na kanuni inapotoka: maktaba kama mahali pa rafu, tarehe na hesabu, dunia anayoijua Fiona na anayoisimamia Abasi. Garissa ni ya katikati, mji uliopo ukingoni mwa Mto Tana, wenye ofisi na barabara lakini unaoishi kwa mifugo inayotoka nyikani; kwa hiyo Abasi, anayezijua pande zote mbili, anastahili nafasi kubwa kuliko anayopewa kwa kawaida. Halafu ipeleke kanuni Mididima uonyeshe inavyogongana na maisha ya kuhama, ambako kila kilicho kizito huachwa. Kisha iingize nyumbani kwa watu: kwa Taban, na kwa Matani, ambaye mkewe Jwahir anavutwa na Abayomi, baba wa Taban, wakati mwalimu ameshughulika na vitabu. Malizia kwa uzito wa kihistoria. Hoja yenye nguvu zaidi iwe mwisho, si katikati inakofunikwa na nyingine.

Aya moja ya insha hiyo inaweza kusomeka hivi:

"Kanuni ya kurudisha vitabu inachukulia kwamba msomaji atakuwapo pale alipokuwa wiki zilizopita. Mididima haiwezi kuahidi hivyo, kwa kuwa ukame ndio unaoamua kijiji kikae au kiondoke. Hivyo Taban asiporudisha vitabu, kosa lake linakuwa kubwa kuliko umbo lake: linaonekana kama tishio kwa kitu pekee kinachokifuata kijiji badala ya kukingoja mjini. Wazee wanaoshuku vitabu na mwalimu anayevipenda wanajikuta wakimkasirikia kijana yuleyule, kila upande kwa sababu yake."

Tazama kilichofanyika. Sentensi ya kwanza ni hoja, ya pili inaitia mahali, mbili za mwisho zinarudi kwa wahusika. Maneno "jangwa" na "joto" hayamo.

Nina neno la pekee kwa anayeandika akiwa Garissa, Wajir au Mandera. Kuijua nchi ni mtaji, lakini unaweza kukufanya uisahihishe riwaya kana kwamba ni ramani ya serikali. Utagundua, kwa mfano, kwamba majina ya wakazi wa Mididima yametoka huku na kule: Neema na Jwahir yanasikika pwani, na Abayomi ni jina la Wayoruba wa Nigeria. Usiishie kuandika "mwandishi amekosea". Uliza majina hayo yanafanya nini. Kwa maoni yangu yanakiondoa kijiji kwenye jamii yoyote halisi na kukifanya kiwe Afrika kwa ujumla, na hapo riwaya inapoteza nguvu, maana ile kanuni ingeuma zaidi kijijini penye ukoo, malisho na historia zinazojulikana. Huo ni uhakiki wa mandhari kamili, na unaweza kusimama kama aya ya kupinga dai lako mwenyewe kabla ya hitimisho.

Utangulizi uandike mwisho, ukishajua ulichothibitisha. Sentensi nne au tano zinatosha: jina la riwaya na mwandishi, hali ya hadithi kwa ufupi, kisha dai. Hitimisho lisirudie aya zilizotangulia. Lijibu swali moja tu, kwamba msomaji aliyekubali dai lako aisome riwaya kwa namna gani tofauti.

Nchi hii imeandikwa sana na wageni, na ni haki wasomaji wake wayapime hayo maandishi. Itafute riwaya hii au nyingine yoyote inayotaja mahali unapopajua, tafuta ndani yake kanuni, deni au safari ambayo isingewezekana kwingine, uandike dai lako katika sentensi moja kabla hujaandika aya ya kwanza.