Ampea-saa Bila Volti ni Nusu ya Hesabu

Igeuze pawabenki yako. Chini ya ile namba kubwa ya 20,000 mAh kuna maandishi madogo ambayo wengi hatuyasomi: 3.7 V, 74 Wh. Hayo madogo ndiyo yanayokueleza umenunua nini hasa.

Ampea-saa hupima chaji. Ampea moja ni kulombu moja ya chaji inayopita kila sekunde, na saa ina sekunde 3,600. Basi ampea-saa 20, yaani hizo miliampea-saa 20,000, ni kulombu 72,000. Ila kujua wingi wa chaji hakutoshi, kama vile kujua lita za tangi hakukuambii maji yatatoka bombani kwa nguvu gani. Lazima ujue tangi limewekwa juu kiasi gani. Kimo hicho, kwa umeme, ni volti: volti moja ni juli moja ya kazi kwa kila kulombu inayopita. Kwa hiyo kazi hupatikana kwa kuzidisha chaji kwa tofauti ya volti kati ya ncha mbili.

Kulombu 72,000 mara 3.7 ni juli 266,400. Chukua sasa betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20 zile zile: juli 864,000. Chaji ni sawa, kazi imezidi mara tatu. Ukigawa kwa 3,600 unapata wati-saa 74 kwa ya kwanza na 240 kwa ya pili.

Hapa ndipo linapotoka lile lalamiko kwamba pawabenki haifikishi kilichoandikwa. Feki zipo, lakini hata iliyo halali haiwezi kukupa 20,000. Seli za ndani zina volti 3.7, tundu la USB kwa kawaida linatoa volti 5. Saketi inapandisha volti, kazi haiongezeki, hivyo chaji ndiyo inayopungua: 74 gawa kwa 5 ni ampea-saa 14.8, na joto bado halijachukua fungu lake. Hakuna aliyekuibia.

Kwenye usafiri wa ndege wanahesabu kazi, si chaji: pawabenki isiyozidi wati-saa 100 kwa kawaida haihitaji kibali, mradi uibebe kwenye begi la mkononi. Kama yako imeandikwa mAh pekee, zidisha kwa 3.7, gawa kwa 1,000. Ya 20,000 inapita. Ya 30,000 inafika 111, kwa hiyo uliza shirika lako kabla ya kufunga begi.