Gari la Rimoti, Bei ya Kufika Tarime

Bei unayoiona kwenye simu ukiwa stendi ya Tarime au sokoni Mugumu ni bei ya gari likiwa bado ghalani Uchina. Kati ya ghala hilo na mkono wako kuna ndege au meli, kuna forodha, kuna wakala wa Kariakoo, kuna basi la Kanda ya Ziwa, na kwa mtu wa Serengeti kuna usafiri mwingine tena wa kutoka Musoma au Tarime hadi Mugumu. Halafu wiki ya pili giya moja inavunjika, na safari yote inaanza upya kwa ajili ya kipande cha plastiki chenye ukubwa wa kifungo cha shati. Hesabu hiyo nzima ndiyo bei. Naisisitiza kwa sababu vijana wengi wanaopenda magari haya wanatoa fedha waliyoihangaikia na kupata kitu kinachokufa kabla ya mwezi, ilhali kwa fedha ileile, au kwa kuongeza kidogo, wangepata gari la kudumu nalo miaka.

Tuanze kwa kutenganisha aina mbili. Lipo gari la rimoti la watoto, linalouzwa kila duka la vifaa vya plastiki. Ndani yake kuna bodi moja inayofanya kila kazi: inapokea mawimbi ya rimoti, inaendesha mota na inapinda tairi. Ukibonyeza kulia, linakata kulia mpaka mwisho, nusu haipo. Bodi ikiungua, gari limekwisha. Aina ya pili ni gari la rimoti la ufundi. Hili tairi zake zinapinda kadiri kidole chako kinavyosogea, mwendo unaongezeka taratibu, na karibu kila kitu ndani yake kinafunguliwa kwa bisibisi na kuuzwa peke yake kwa namba yake. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa gari lake la kwanza la rimoti, Porsche 934, mwaka 1976. Gari lake jingine, Hornet, lilitoka 1984 na kutolewa upya 2004, na mpaka leo ukivunja mkono wa tairi ya mbele wa Hornet unaagiza mwingine. Gari la namna hiyo halizeeki. Linabadilishwa viungo tu.

Wauzaji wengi wa mtandaoni wanazichanganya aina hizi mbili kwa makusudi, maana picha zinafanana. Picha haitakusaidia, lakini kuna kitu kimoja unachoweza kukikagua hata kwenye simu yenye kioo kidogo: servo. Hiyo ni mota ndogo inayopinda tairi za mbele. Tafuta picha yake kwenye orodha ya spea za gari husika, ikuze, uhesabu nyaya zinazotoka. Zikiwa tatu, umepata gari linalofuata utaratibu unaotumika dunia nzima. Servo ikifa, ya kampuni yoyote yenye ukubwa ule itaingia. Zikiwa tano, servo hiyo imefungwa kwa bodi yake. Utaihitaji ileile, ya modeli ileile, na siku kiwanda kitakapoacha kuitengeneza gari lako litakuwa pambo la kabati. Nyaya tano si sababu ya kulikataa gari la bei ndogo, ila ni sababu ya kuagiza servo ya akiba siku hiyohiyo unayoagiza gari.

Kisha tazama mota. Mafundi wetu wanazijua mota za kaboni, zile zenye vipande viwili vya kaboni vinavyosuguana na kichwa cha mota na kulika polepole. Zipo pia mota zisizo na kaboni, zenye nguvu zaidi na maisha marefu zaidi, lakini zinataka kidhibiti chake maalumu na betri bora, na bei inapanda kote kuwili. Kwa anayeanza, mota ya kaboni inatosha kabisa. Ni rahisi, na fundi yeyote wa Sirari anayefungua feni au redio ataielewa bila kufundishwa.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni ardhi. Matangazo yanauza mwendo. WLtoys 144001, gari la kipimo cha 1:14 lenye chasisi ya chuma, ni maarufu sana duniani kwa watu wa bajeti ndogo, na kiwanda kinadai linafika kilomita 60 kwa saa. Ni gari zuri. Lakini tumbo lake liko karibu na ardhi. Kwenye lami au uwanja wa mpira uliokanyagwa vizuri litakufurahisha; kwenye vijia vya milima ya Tarime, vyenye mawe na makorongo ya mvua, litapasuka siku ya kwanza. Ukanda wa Tarime unataka gari la kutambaa: linakwenda pole, lina mota inayozungusha giya nzito, tairi laini zenye meno, na ekseli inayoinama kufuata jiwe. Mtu wa Mugumu ana uhuru zaidi, kwa kuwa kuelekea Fort Ikoma nchi inafunguka na udongo ni tambarare, ingawa nyasi ndefu zinajizungusha kwenye ekseli na kuinyonga mota mpaka inanuka.

Kwa bahati nzuri magari ya kutambaa ya bei nafuu yanayotengenezwa Uchina yana sura tunazozijua. MN D90 ni Land Rover Defender ya kipimo cha 1:12. WPL C34 ni Land Cruiser ya zamani, ile FJ40, kwa kipimo cha 1:16. Yote mawili yanavuta tairi zote nne. WPL D12 ni Kirikuu yenyewe, Suzuki Carry yenye bodi ya mizigo, kipimo cha 1:10, inayovuta tairi za nyuma tu. Yapo yanayouzwa yakiwa tayari, na yapo yanayouzwa vipandevipande ukaunge mwenyewe. Ukiwa na subira, chagua la kuunga. Atakayeliunga gari kwa mkono wake hatahitaji fundi litakapoharibika.

Tukiwa bado kwenye suala la ardhi, kuna jaribio moja la kweli lililofanyika nchini kwetu ambalo kila anayeishi jirani na hifadhi anapaswa kulijua. Mwaka 2009 mpiga picha Mwingereza Will Burrard-Lucas alileta Tanzania gari la rimoti alilolijenga kubeba kamera, akaliita BeetleCam, ili apate picha za wanyama kwa karibu akiwa mbali nao. Katika Hifadhi ya Ruaha simba alilikwapua akatokomea nalo. Kamera iliharibika, lakini kadi ya picha ilipona. Mwaka 2011 alirudi na magari yaliyoboreshwa, safari hii Masai Mara, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Serengeti, moja likiwa na gamba gumu la kuzuia meno. Mwongoza watalii wa Mugumu mwenye wazo kama hilo ajue mambo mawili: aombe kibali TANAPA kabla gari halijagusa ardhi ya hifadhi, na atafute gari imara la kutambaa, kwa kuwa la mbio halibebi kamera.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Tangazo la AliExpress likikuonyesha gari zima kwa bei ya kushangaza, bonyeza sehemu ya kuchagua aina kabla hujafurahi. Mara nyingi bei ile ya chini ni ya betri, ya seti ya tairi, au ya bodi ya plastiki isiyo na kitu ndani, vilivyowekwa ukurasa mmoja na gari ili tangazo lionekane la bei chee. Gari lenyewe liko chaguo la nne au la tano, kwa bei yake halisi. Baada ya hapo weka anwani yako, uone nauli. Wapo wanaoshusha bei ya gari na kuficha faida kwenye usafirishaji. Punguzo kubwa la Novemba 11 ni la kweli kwa baadhi ya bidhaa, lakini ili ulijue la kweli, andika bei ya gari lako kwenye daftari kuanzia Septemba. Asiyejua bei ya jana hawezi kujua kama ya leo imepungua.

Ukitumia wakala anayekusanya mizigo Guangzhou, muulize anapima vipi. Mizigo ya ndege hutozwa kwa uzito wa mizani au uzito wa ukubwa wa boksi, wowote ulio mkubwa zaidi. Hesabu inayotumika sana ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6,000. Chukua boksi la sentimita 45 kwa 30 kwa 20: unapata 27,000, na ukigawanya unapata kilo 4.5, hata kama gari na boksi lake havizidi kilo 2.5. Kampuni za usafirishaji wa haraka hugawanya kwa 5,000, na hapo boksi lilelile linakuwa kilo 5.4. Boksi zuri lenye dirisha la plastiki linakugharimu karibu sawa na gari. Mwombe wakala alitoe gari kwenye boksi lake, alifunge kwa sponji na kuliweka kwenye boksi dogo. Kwa meli, boksi letu ni mita za ujazo 0.027 tu, nauli yake ni ndogo mno, ila wakala wengi wana kiwango cha chini cha malipo. Ndiyo maana wapenzi watatu au wanne wa Tarime, Nyamongo na Mugumu wakiagiza pamoja wanashinda kila mmoja akiagiza peke yake.

Betri ina sheria zake. Tangu Aprili 1, 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria. Zile zilizo ndani ya kifaa au zilizofungwa pamoja nacho zina masharti mepesi zaidi. Hivyo gari lenye betri yake linafika, lakini ukiagiza betri ya akiba baadaye muuzaji anakwepa au nauli inaruka. Agiza gari na betri mbili kwa mara moja. Betri ya mAh 1,500 kwa chaja ndogo ya USB inachukua kama saa tatu kujaa, na mchezo wake ni dakika chache tu, kwa hiyo betri ya pili utaihitaji. Usiichaji ukiwa umelala, na ikivimba usiipe tena umeme. Kwa magari ya kutambaa yanayotumia volti 7.4, fundi wa sola anaweza kukuungia seli mbili za 18650 zikafanya kazi vizuri, mradi ziwe nzima na apime volti ya kila moja.

Kuhusu ushuru, thamani inayotozwa ni bei ya gari pamoja na nauli na bima, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo baada ya ushuru kuongezwa. Gharama ya nauli basi inakuumiza mara mbili. Wapo wanaodhani kununua Kenya na kuvuka nalo Sirari kunaondoa ushuru kwa sababu tuko Jumuiya moja. Cheti rahisi cha uasili kinachowasaidia wafanyabiashara wadogo mpakani ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Gari lililotengenezwa Uchina halizaliwi upya Nairobi. Litangaze forodhani, uliza kiwango, chukua risiti.

Mtumba ni njia nzuri, hasa ukiwa na ndugu Muscat, Dubai au Uingereza. Mwambie auone mkono wa gari ukitikiswa: tairi ikicheza sana, beringi na pini zimelika. Aombe video ya gari likienda, muuzaji akiwa ameshika karatasi yenye tarehe ya siku hiyo. Gari lisilo na rimoti lisimtishe kama ni la ufundi lenye kipokezi kinachojitegemea. Rimoti na kipokezi kipya vitaunganishwa. Kama kila kitu kiko kwenye bodi moja, aliache. Yale ya zamani ya masafa ya megahezi 27 hutegemea kipande cha kioo cha masafa, na mawili yenye kioo cha namba moja yakiwashwa pamoja yanaingiliana. Ya sasa, ya gigahezi 2.4, hayana tabu hiyo.

Mwenye fedha ya gari moja tu na anayeishi Tarime, ushauri wangu ni WPL C34 au MN D90 ya mota ya kaboni. Agizo lake liwe na betri mbili, servo moja ya akiba na seti moja ya giya za chuma, vyote ndani ya mzigo mmoja. Fedha ikipungua, punguza ukubwa wa gari, spea usiziguse.