Mwimbaji Anapotoweka Ndani ya Waya

Wimbo unaanza vizuri. Gitaa linaingia, ngoma zinafuata, na pale mwimbaji anapotarajiwa kufungua kinywa panasikika mwangwi tu, kama mtu anayeimba nyumba ya tatu madirisha yakiwa yamefungwa. Msikilizaji anaigusa pini ya hedifoni kwenye uso wa kompyuta, anaizungusha kidogo, mwimbaji anarudi. Akiiachia, mwimbaji anaondoka tena na kuiacha bendi peke yake.

Hakuna uchawi hapo, wala hedifoni haijafa. Pini ya milimita 3.5 imegawanywa sehemu tatu: ncha ni ya sikio la kushoto, pete ya katikati ni ya kulia, na shina ni njia ya pamoja inayorudisha umeme wa pande zote mbili. (Zile zenye maikrofoni zina sehemu nne, na ukizichomeka kwenye tundu la kizamani wakati mwingine huleta kituko hikihiki.) Shina likikosa kugusana sawasawa, kwa kutu, kwa vumbi au kwa tundu lililolegea, umeme hauna pa kurudia. Unalazimika kupita spika moja hadi nyingine, na kinachosikika ni tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Sauti ya mwimbaji kwa kawaida huwekwa katikati, kiasi kilekile pande zote mbili. Toa kitu kutoka kwa chenyewe, unabaki na sifuri. Mwimbaji amefutwa kwa hesabu ya darasa la kwanza.

Katika mtaa kama Gudele, magharibi mwa Juba, vumbi haliombi ruhusa. Kuanzia Desemba hadi Machi mvua zikiwa zimekatika, kila gari linalopita kwenye barabara ya udongo huacha wingu, na wingu hilo huishia mapafuni, kwenye mashuka na ndani ya matundu ya kompyuta. Kompyuta ya mezani bado ni chombo cha kazi katika mitaa ya namna hii: inahariri video za harusi, inajaza nyimbo kwenye memori kadi za simu, inarekodi vijana katika vyumba vilivyozibwa kwa magodoro. Nyimbo zenyewe ni za Kiarabu cha Juba, Kilingala, Kiganda, na Kiswahili walichorudi nacho watu waliokulia Kenya na Uganda miaka ya vita. Mtu anayeisikiliza kazi hiyo siku nzima kwa hedifoni hatachelewa kutaka sauti bora, na wazo la kwanza litakalomjia ni kununua hedifoni ghali. Hilo lingefaa kuwa wazo la mwisho.

Sababu ni kwamba sauti husafiri. Inaanza kama namba kwenye diski, inageuzwa kuwa umeme, inapita kwenye nyaya, kisha inasukuma kipande chembamba cha plastiki kilicho sentimita chache kutoka kwenye ngoma ya sikio. Hatua ya kugeuza namba, ambayo watu wengi huishuku, ndiyo iliyotatuliwa zamani zaidi. Sidii, zilizoingia sokoni mwaka 1982, hubeba sampuli 44,100 kwa kila sekunde kwa kila upande, na kila sampuli ina ngazi 65,536 za kuchagua. Sikio la kijana mwenye afya huishia karibu na hezi 20,000, na kanuni ya hisabati inadai sampuli zizidi mara mbili ya hapo. Zinazidi. Chipu ndogo ya sauti iliyobandikwa kwenye mathabodi ya leo, mara nyingi ya kampuni ya Realtek ya Taiwan, hufanya kazi hiyo vizuri kuliko bei yake inavyoonyesha.

Matatizo huanza umeme unapotoka kwenye chipu hiyo.

Tundu la mbele la kompyuta ya mezani halipo karibu na chipu. Linaunganishwa nayo kwa waya mwembamba, mara nyingi usio na ngao ya kutosha, unaokatiza kasha zima ukipita jirani na kadi ya picha, feni na diski. Vyote hivyo huwaka na kuzima maelfu au mamilioni ya mara kwa sekunde, na kila badiliko la mkondo hurusha uga wa sumaku ambao waya wa jirani huudaka kama antena. Kuna jaribio rahisi la kuthibitisha: zima muziki, vaa hedifoni, sogeza kipanya. Ikisikika milio midogo kama ya wadudu inayofuata mkono, hiyo ni kazi ya kompyuta yenyewe imevuja hadi masikioni. Kisha chomeka kwenye tundu la kijani la nyuma, lililopo kwenye mathabodi. Katika mashine nyingi wadudu hupungua au hunyamaza kabisa, na haijatumika hata senti. Kama pini ilikuwa inacheza, tundu la nyuma pia huwa halijachoka, kwa sababu hakuna aliyekuwa akilitumia. La mbele lisafishwe kwa spiriti safi isiyo na mafuta, kompyuta ikiwa imezimwa.

Simu nayo iondolewe mezani. Mtandao wa 2G hurusha mawimbi kwa vipande, vipande 217 kila sekunde, na idadi hiyo imeangukia ndani ya masafa ambayo sikio linayasikia. Ule mlio wa "tititi-tititi" unaosikika sekunde moja kabla simu haijaita ni waya wa hedifoni ukiyadaka mawimbi hayo, na saketi ya sauti ikiyageuza kuwa mlio bila kuombwa.

Baada ya hapo inabaki habari ya umeme wenyewe, na hapa Gudele ina mambo yake. Novemba 2019 mtambo wa megawati 33 wa kampuni ya Ezra ulizinduliwa Juba, na sehemu ya jiji ikapata umeme wa gridi baada ya miaka ya kutegemea jenereta za binafsi. Lakini jenereta hazikuisha. Ziko nyumba zenye gridi, ziko zenye jenereta, na ziko zenye paneli za sola, betri na inveta. Mara nyingi kompyuta ileile huonja vyote vitatu katika wiki moja.

Kwenye nyingi ya hizo, waya wa ethi, ule wa kijani na njano, hauendi popote. Pini ya tatu ipo kwenye plagi, tundu lake lipo ukutani, lakini nyuma ya ukuta hakuna kitu. Matokeo yake ni jambo ambalo watumiaji wengi wamelihisi kwa ngozi bila kulipatia jina: ukipitisha mgongo wa kidole kwenye kasha la chuma, unatekenywa. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita ndogo mbili za kuchuja kelele, moja kutoka waya wa moto kwenda kwenye kasha, nyingine kutoka waya wa nyutro. Kasha lisipokuwa na ethi hubaki likining'inia katikati yao, karibu nusu ya volti 230, yaani kama volti 115. Mkondo wake ni mdogo sana, chini ya ule wa kumuumiza mtu mzima, ila unatosha kabisa kuharibu sauti.

Cha ajabu ni kwamba hedifoni pekee haiusikii sana. Imening'inia pamoja na kompyuta, kwa hiyo mkondo hauna pa kwenda. Mvumo huzaliwa pale kifaa cha pili kinapounganishwa: mikisa, amplifaya, televisheni. Sasa mkondo umepata njia, nao unapita kwenye waya wa sauti, kwenye ule uzi wa nje ambao kazi yake ni kulinda. Inveta za bei nafuu huongeza chumvi. Wimbi lao halipandi na kushuka taratibu kama la gridi. Linaruka kwa ngazi, na kapasita hupitisha miruko ya ghafla kirahisi kuliko mawimbi ya polepole. Mvumo mnene wa hezi 50 unageuka kuwa mlio mkali wa nyuki. Ndiyo maana studio inaweza kuwa kimya asubuhi kwenye gridi na kupiga kelele jioni kwenye betri, bila mtu kugusa waya hata mmoja.

Dawa ni fimbo ya shaba iliyochimbiwa ardhini na kuungwa na fundi anayeijua kazi, kisha vifaa vyote vya sauti vichomekwe kwenye ekstensheni moja ili viwe na ethi ya pamoja. Wapo wanaokata pini ya ethi ya kifaa kimoja ili kuua mvumo. Mvumo hufa kweli, na siku insulesheni ya ndani itakapoungua, kasha zima litakuwa na volti 230 huku mtu amevaa chuma masikioni.

Kwa asiye na uwezo wa kuchimbia fimbo, kuna njia ya mwanga. Baadhi ya kompyuta za mezani zina tundu dogo la mraba linalotoa taa nyekundu, mfumo ulioletwa na Toshiba mwaka 1983. Sauti hutoka humo kama mimweko ndani ya uzi wa plastiki, na plastiki haipitishi umeme. Njia ya ule mkondo imekatika papo hapo. Upande wa pili unahitaji kifaa cha kuigeuza mimweko kuwa sauti, lakini ni gharama ambayo angalau inalenga tatizo lenyewe.

Gharama nyingine yenye maana ni kifaa kidogo cha USB chenye tundu la hedifoni, hata kile cha ukubwa wa kidole kinachouzwa kwa simu zisizo na tundu. Kinahamishia kazi ya kugeuza namba nje ya kasha, mbali na kadi ya picha. Faida yake kubwa zaidi, hata hivyo, iko kwenye kitu kisichotajwa sana: ukinzani wa chanzo. Matundu mengi ya kompyuta yana vipingamizi vya kama omu 75 vilivyowekwa kulinda chipu. Chukua hedifoni yenye omu 32 katika sauti za kati, ambayo kwenye besi hupanda hadi 64, jambo la kawaida kwa hedifoni nyingi. Kwenye tundu la omu 75, besi hupata volti zaidi ya mara moja na nusu ya zile za sauti za kati, karibu desibeli nne ambazo msanii hakuziweka. Kwenye kifaa chenye omu moja, tofauti ni kama sehemu ya kumi ya desibeli. Kwa hiyo mtu anayesema hedifoni yake "ina besi nzito" huenda anaisifu kompyuta. Mafundi hutumia kipimo chepesi: ukinzani wa chanzo usizidi moja ya nane ya ule wa hedifoni.

Upande wa programu pana makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni hedifoni za Bluetooth: maikrofoni yake ikiwashwa tu na programu yoyote, kompyuta nyingi huhamia hali ya simu, na muziki hugeuka kuwa wa upande mmoja na mwembamba kama tangazo la kituo cha mabasi. Chagua maikrofoni nyingine, muziki unarudi. La pili ni vile vitufe vya "kuboresha sauti" vinavyokuja na Windows au na mathabodi. Vingi huongeza ukubwa wa sauti, na ukubwa hulaghai: tangu vipimo vya watafiti Fletcher na Munson mwaka 1933 imejulikana kuwa sauti ikipanda, sikio husikia besi zaidi kuliko hapo awali. Yeyote anayelinganisha vifaa viwili bila kuvisawazisha kwa ukubwa atakipenda kile kinachopiga kelele zaidi. Anayetaka kurekebisha hedifoni yake kwa makusudi anaweza kutumia Equalizer APO, programu ya bure, akipunguza pale panapozidi badala ya kuongeza kila mahali.

Na ukubwa huo una hesabu yake mwilini. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda unakatwa nusu. Jenereta ya jirani ikinguruma dirishani, mkono hupandisha sauti wenyewe ili kuifunika. Hapo mto wa sikio wenye sponji nzima, unaoziba vizuri, hufanya zaidi ya chipu yoyote, kwa sababu kelele isiyoingia haihitaji kushindwa. Mito iliyopasuka hubadilishwa bila kubadilisha hedifoni.

Saa nne za usiku jenereta hiyo ikizimwa, sauti hushushwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo unasikika mvumo mwingine, wa chini, ambao haubadiliki hata pini ikichomolewa. Huo hautoki kwenye hedifoni. Ni feni ya kompyuta, imebeba vumbi la barabara, na brashi ya rangi ya inchi moja inatosha kulitoa.