Laki moja kwa msomaji asiyeshiba

Kumchagulia kitabu mtu asomaye mara mojamoja ni kazi nyepesi: mpe Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, atakushukuru. Kazi ipo kwa yule anayemaliza riwaya kwa siku mbili. Shaaban Robert alimmaliza akiwa bado shuleni, Kuli ameshairudia, na ukimtajia Rosa Mistika anakuuliza unayo ya toleo gani. Orodha za kawaida hazimsaidii mtu wa namna hiyo, na mfuko wake una kikomo. Tuseme ametenga laki moja. Tukikisia riwaya mpya kwa shilingi 15,000, laki hiyo inampa vitabu sita na chenji ya 10,000, na atakuwa amevimaliza kabla ya wiki mbili kwisha.

Ndiyo maana kwake kuuliza "kitabu gani kizuri" hakutoshi. Vizuri viko vingi. Inabidi aulize pia kipi akinunue sasa, kipi akisubiri kishuke bei, kipi aazime, na kipi akikiona asikiache hata kama mfukoni amebaki na nauli tu.

Aanze kwa kuelewa bei inatoka wapi. Katika soko letu, upatikanaji wa kitabu huamuliwa na mtaala kuliko uzuri wake. Riwaya ikiteuliwa kusomwa shuleni, mchapishaji huitoa kwa wingi na kila muuza vifaa vya shule huiweka dukani. Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu na Mfadhili ya Hussein Tuwa unaweza kuvikuta hata kwenye duka ambalo biashara yake ni madaftari. Isiyoteuliwa huchapwa nakala chache, na zikiisha huenda zikapita miaka kabla ya nyingine kutoka. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976, kwangu ni mojawapo ya riwaya zilizosukwa kwa ustadi mkubwa kabisa katika lugha hii. Hata hivyo, usishangae ukiingia maduka matatu na kutoka mikono mitupu.

Kwa hiyo vitabu vya shule msomaji wetu asivikimbilie. Vitakuwepo tu. Isitoshe, vikitolewa kwenye mtaala huwa rahisi zaidi, kwa sababu maelfu ya wanafunzi wanakuwa hawavihitaji tena na vyote vinamwagika kwenye meza za vitabu vilivyotumika. Kenya mzunguko huu unaonekana waziwazi: Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora iliondoka ikaipisha Chozi la Heri ya Assumpta Matei, nayo ikaipisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Aliyevumilia hadi Kidagaa ikatoka darasani alisoma kisa cha Amani na Mtemi Nasaba Bora kwa pesa kidogo. Na hakupoteza kitu kwa kusubiri, kwani dhuluma ya ardhi anayoieleza Walibora haijapitwa na wakati hata kidogo.

Pesa ya haraka iende kwenye vitabu vinavyopotea. Ukiiona Nyota ya Rehema, au Kiza katika Nuru ya Said Ahmed Mohamed, au nakala nzima ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, lipa. Hicho cha mwisho ni diwani ya mashairi aliyoyatunga akiwa gerezani kati ya 1969 na 1972, ikachapishwa mwaka 1973. Mashairi nayataja kwa makusudi, maana wasomaji wengi wa riwaya huyaruka kwa kuona kitabu chembamba. Riwaya ya kurasa mia tatu utaisoma mara moja ukaiweka rafu. Diwani ya kurasa mia moja utaifungua ukiwa na huzuni, utaifungua ukingoja daladala, na kila ukirudi unakuta ubeti ambao mara ya kwanza hukuuelewa.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu watu hupima thamani ya kitabu kwa unene wake. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya 1990, na Mzingile, iliyoifuata mwaka 1991, ni vitabu vyembamba sana. Ukigawa bei kwa idadi ya kurasa utaona umepunjwa. Lakini sijaona kitabu cha Kiswahili kinachomshikilia msomaji mzoefu kama hivi viwili. Njia ya hadithi inavunjika, mtu anatembea ndani ya ndoto na falsafa, na ukifika mwisho unalazimika kurudi mwanzo. Msomaji anayelalamika kwamba vitabu vinamwishia upesi, dawa yake ni hii. Sharti ni moja tu: avisome kwa mpangilio. Aanze na Rosa Mistika ya 1971, riwaya ambayo kwa muda ilipigwa marufuku kisha baadaye ikaja kusomwa shuleni, apite Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka, ndipo aingie Nagona. Akianza na Nagona ataitupa, na atakuwa ametupa pesa bila sababu.

Upande wa pili kuna riwaya za upelelezi. Nazipenda, na nasikitika zinapodharauliwa. Willy Gamba wa Elvis Musiba katika Kufa na Kupona na Kikosi cha Kisasi, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa katika Tutarudi na Roho Zetu?, wamewafundisha Watanzania wengi kukesha na kitabu. Ila ni za mkupuo mmoja: ukishamjua adui, hamu ya kurudia inapungua. Hizi ziazime, badilishana na rafiki, au nunua zilizotumika kisha uuze tena. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla namtenga. Kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960, hadi Kosa la Bwana Msa, zile riwaya saba zinafaa kununuliwa kwa ajili ya mazungumzo tu. Kile Kiswahili cha Unguja, Bwana Msa na kiko chake akimzungusha Najum kwa maswali, kinasomeka tena na tena hata kama muuaji unamjua.

Kuna gharama nyingine watu hawaifikirii, nayo ni mpaka. Mwandishi mmoja anaweza kuwa na vitabu vilivyogawanyika kati ya Dar es Salaam na Nairobi. Adam Shafi ni mfano mzuri. Vuta N'kuvute ilichapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 1999. Haini, riwaya ya mateso ya jela ya Zanzibar baada ya kuuawa kwa Karume, ilitoka Longhorn ya Nairobi mwaka 2003, na Mbali na Nyumbani, kumbukumbu zake za safari ya ujanani, ikatoka hukohuko mwaka 2013. Said Ahmed Mohamed naye: Babu Alipofufuka ni ya Jomo Kenyatta Foundation, Nairobi, ya 2001. Kitabu kilichovuka mpaka kimebeba usafiri na faida ya mtu wa kati. Kabla hujakubali bei, fungua ukurasa wa nyuma ya jina uone mchapishaji ni wa wapi. Kama ni wa Nairobi na wewe uko Dar, kusanyeni oda watu watatu au wanne, mtumieni mtu mmoja, kifurushi kije na basi. Nauli ya kifurushi ikigawanywa kwa vitabu kumi haiumi. Kwa kitabu kimoja inaweza kukaribia bei ya kitabu chenyewe. Wakenya nao wafanye vivyo hivyo wakitaka Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli. Nakala ya Kiingereza iliyotumika pengine utaipata kwa bei ndogo, lakini mimi ningelipa zaidi kumsikia Yusuf na mjomba wake Aziz wakizungumza Kiswahili.

Sasa vitabu vilivyotumika. Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa, na nyingine hupotea. Usinunue kwa kuangalia jalada. Kitabu hufungwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, na fungu moja likikosekana au likirudiwa hutalijua mpaka uwe umefika katikati ya kisa. Pitisha kidole gumba kwenye pembe za kurasa ukitazama namba: 32, 48, 64, 80. Kunja uti wa kitabu taratibu. Gundi ikilia na kurasa zikaachia, rudisha. Herufi zikiwa hafifu kama zilizopigwa fotokopi, mistari ikapanda upande mmoja, na picha ya jalada ikawa na ukungu, hiyo ni nakala ya wizi. Usinunue hata ikiwa nusu bei, mwandishi hapati senti yoyote hapo. Nakala iliyopitia shule utaijua kwa kalamu: "maudhui", "mgongano", "taswira" pembeni mwa kila aya, na jina la mwanafunzi na kidato chake ndani ya jalada. Wengine hawapendi. Kwangu maandishi ya penseli hayapunguzi thamani, wino mzito uliofunika maneno unapunguza, na ni haki yako kuomba upunguziwe bei kwa ajili hiyo.

Maktaba nitaipitia upesi, ingawa kwa msomaji wa kasi ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam imekuwa wazi tangu Desemba 1967, na Nairobi wana McMillan tangu 1931. Nenda na orodha ya vitabu vya zamani, si vipya. Matoleo ya miaka ya sabini ambayo madukani hayaonekani, mara nyingi yanalala kwenye rafu za maktaba. Uliza kwanza kama kitabu unachokitaka kinaazimwa au kinasomewa humohumo ndani, maana nakala pekee huwa hazitoki.

Riwaya za simu, zinazouzwa sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp, zina msisimko wake. Jumlisha tu malipo ya sehemu zote kabla hujaanza, kwa sababu vipande vidogovidogo vinaweza kupita bei ya kitabu kizima cha karatasi, na ukimaliza huna cha kumwazima mtu.

Kwa hiyo mgawanyo wangu ungekuwa huu. 45,000 kwa vitabu vitatu vipya vya kurudiwa: Peponi, Nagona na Mzingile. 30,000 isiguswe, ikae kungoja kitabu adimu kitakapojitokeza mezani kwa muuzaji wa barabarani, kwa kuwa kitabu hicho hakikusubiri urudi kesho. 25,000 iliyobaki ni ya ada ya maktaba na mchango wa oda ya Nairobi. Vitabu vipya ni vitatu badala ya sita, lakini usomaji ni wa miezi.

Walio Muscat, London au Toronto hesabu yao ni tofauti. African Books Collective ya Oxford husambaza vitabu vya Mkuki na Nyota na huvichapa kwa oda, kwa hiyo kupatikana si tatizo, ila bei ni ya paundi. Kitabu chepesi cha kurasa 200 kina uzito wa karibu robo kilo, hivyo kilo tano kwenye begi la ndugu anayesafiri ni kama vitabu ishirini. Mtumie orodha mapema, uandike jina la mwandishi na la mchapishaji kwa kila kitabu, na umpe ruhusa ya kubadilisha: kama Kiza katika Nuru haipo, achukue Utengano ya mwandishi huyohuyo, asirudi na nafasi tupu.